MBONA MAHARAGWE YACHANUA LAKINI HAYAZAI?

Sikiliza kisa hiki, nawe uone kama si chako mwenyewe. Ulilima mapema. Ulipanda kwa mistari, ukapalilia mara mbili. Mvua haikukosa. Miharagwe ikainuka vizuri, majani mapana, kijani cha kupendeza macho. Ilipopata siku 40 shamba zima lilijaa maua, na kila mtu apitaye njiani akakuambia, "Mwaka huu hutapata mahali pa kuweka." Nawe ukaanza kugawa magunia moyoni: hili la kula, hili la mbegu, hili la ada ya watoto.

Baada ya majuma mawili ukaenda kutazama maganda. Hakuna! Maua yametapakaa chini kama pumba kinuni. Vijiti vya maua vimebaki vitupu. Hapa na pale umeona ganda moja dogo, limepinda kama kucha ya kuku, ndani yake mna punje moja au mbili. Miharagwe yenyewe haikufa wala haikunyauka. Imesimama kijani kibichi, tena yaendelea kutoa maua mapya, kana kwamba yakucheka.

Hapo ndipo maneno yanapoanza nyumbani. Baba asema mama alichelewa kupalilia. Mama asema mbegu ile ilikuwa mbovu, nani alikutuma ununue kwa yule? Kijana mkubwa anakopa fedha, anakwenda dukani kununua dawa ya wadudu, anapuliza mara tatu, na maua yazidi kuanguka. Mwishoni ananong'ona mtu mmoja, "Kumbuka ni nani aliyesimama pembeni mwa shamba lako akalisifu." Basi, shamba limekosa maharagwe, na sasa kijiji kimekosa amani.

Ndugu, kabla hujamnunia mkeo, kabla hujakopa fedha ya dawa, na hasa kabla hujamsingizia jirani neno ambalo hutaweza kulirudisha kinywani, soma habari hii mpaka mwisho. Mara nyingi mwizi wa maharagwe hayo ni joto. Mwizi huyu hana mikono wala nyayo, na kazi yake kubwa huifanya usiku, wewe umelala.

MTOTO WA MILIMANI

Kwanza tuujue ukoo wa mmea wenyewe. Haragwe hili tulilalo na ugali, tulipikalo makande, si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika. Mpaka leo maharagwe ya mwitu huota huko, kutoka kaskazini ya Mexico mpaka Argentina, na mengi yao huota kwenye miteremko ya milima, mahali penye hewa ya baridi kiasi. Watu wa huko waliyafuga maharagwe maelfu ya miaka iliyopita, katika sehemu mbili mbalimbali: upande wa Mexico na nchi jirani zake, na upande wa milima ya Andes. Yalifika Afrika baada ya Wazungu kuvuka bahari kwenda Amerika, na yakazoea upesi nchi zetu za juu.

Basi mharagwe ni mtoto wa milimani. Joto analolipenda ni la kati ya digrii 18 na 24 hivi. Mchana ukipita digrii 30, anaanza kusumbuka. Na usiku ukibaki na joto la zaidi ya digrii 20, hapo ndipo anapoumia kwelikweli, ingawa majani yake hayaonyeshi.

Tazama ramani ya Tanzania. Maharagwe mengi yatoka wapi? Yatoka Mbeya, Rukwa, Njombe na Iringa; yatoka Kagera na Kigoma; yatoka Arusha, Kilimanjaro na milima ya Lushoto. Hizo zote ni nchi zilizoinuka. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Mji wa Mbeya uko juu kama mita 1,700, na mji wa Morogoro uko mita 500 tu. Fanya hesabu: tofauti ni mita 1,200, yaani kama digrii 7. Kwa hiyo mbegu iliyolelewa Mbeya ikishushwa Morogoro ni kama mtu aliyevaa koti zito, halafu akaambiwa acheze ngoma jua la saa nane.

Hata mkoani Morogoro wenyewe jambo hili laonekana wazi. Watu wa Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, hupanda maharagwe bila hofu ya joto. Lakini wenzao wa chini, kwenye mabonde, wakipanda mbegu ile ile katika miezi ya joto, huvuna majani. Na watu wa pwani, ambako usiku wa Februari mtu hulala bila shuka, tangu zamani wameshika kunde, choroko na mbaazi. Hawakuwa wajinga. Shamba lilikuwa limewafundisha.

NDANI YA UA MNA NINI?

Sasa chuma ua moja la mharagwe, ulifungue polepole kwa ukucha. Utaona petali tano. Moja kubwa imesimama nyuma kama bendera, mbili ziko ubavuni kama mabawa, na mbili za ndani zimeungana na kujizungusha kama kihindi cha konokono. Ndani ya huo mviringo ndimo nyumba ya arusi. Mna nyuzi 10, kila moja ina kifuko kidogo kichwani, na ndani ya kifuko mna unga wa manjano uitwao chavua. Hiyo ndiyo mbegu ya kiume. Katikati yake pana kijiti cha kike, na chini ya kijiti pana kiganda kichanga chenye vijiyai vinavyosubiri.

Mharagwe, kwa desturi yake, hauhitaji nyuki kuuletea chavua kutoka mmea mwingine. Karibu na saa ya ua kufunguka, vifuko hupasuka vyenyewe, unga humwagikia kijiti cha kike cha ua lile lile, punje za unga huota na kushuka chini kama mizizi myembamba, zikafikia vijiyai. Kila kijiyai kilichofikiwa kitakuwa punje ya haragwe. Kisichofikiwa hukauka. Na ua ambalo halikufikiwa hata kidogo hukatwa na mmea wenyewe, likaanguka.

Je, joto laharibu nini hapa? Laharibu zaidi upande wa kiume. Chavua ikipata joto kali wakati inapoumbwa hutoka imesinyaa, haina nguvu ya kuota. Pengine vifuko hushindwa kupasuka, unga ukabaki umefungiwa ndani. Ua kwa nje ni zuri, lina rangi, limefunguka kwa wakati wake. Lakini ni kama arusi iliyopambwa vizuri, ngoma zimefika, chakula kimeiva, na bwana arusi hakuja.

Pengine chavua chache tu ndizo zina uzima. Hapo ganda hufungika, lakini kati ya vijiyai vitano au sita, ni kimoja au viwili vilivyofikiwa. Ndiyo sababu ya yale maganda mafupi yaliyopinda.

Lakini usishtuke kwa kila ua linaloanguka. Hata katika mwaka mwema, katika nchi ya baridi, mharagwe huangusha maua yake mengi, mara nyingi zaidi ya nusu, maana hauna chakula cha kulea yote. Ubaya huja pale yanapoanguka karibu yote.

Tufanye hesabu kama ya darasani. Tuseme mharagwe mmoja umetoa maua 30. Mwaka mwema, maua 10 yakawa maganda, na kila ganda lina punje 5. Hizo ni punje 50 kwa punje moja uliyopanda. Mwaka wa joto, maua 3 tu yakawa maganda, na kila moja lina punje 2. Hizo ni punje 6. Ukitoa moja ya mbegu, umebaki na tano. Jasho lako la miezi mitatu lote limelipwa punje tano kwa shina. Nawe wajua kwamba katika nyumba nyingi za vijijini, ambako nyama huonekana siku ya sikukuu, maharagwe ndiyo yanayojenga miili ya watoto. Kilo 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya kilo 20 za protini, yaani kile chakula cha kujenga mwili. Maua yakianguka shambani, ni sahani ya mtoto iliyopungua.

HESABU NYUMA SIKU KUMI

Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi hawalijui, nalo lina faida kubwa. Chavua haiumbwi siku ile ua linapofunguka. Huumbwa mapema, wakati ua lingali tumba dogo la kijani, kama siku 10 hivi kabla ya kuchanua. Huo ndio wakati wa hatari ya kwanza. Hatari ya pili ni siku yenyewe ya kuchanua.

Kwa hiyo ukiona leo maua yanaanguka, na leo hewa ni ya kupendeza, usiseme, "Haiwezi kuwa joto, mbona jana mvua ilinyesha na kulikuwa na baridi?" Hesabu nyuma siku kumi. Ulilalaje usiku ule? Watoto walilia kwa joto? Mlitoa mikeka nje? Kama ndivyo, umepata jibu lako. Maua yanayoanguka leo yaliharibiwa siku zile.

Na jambo hili lina faraja yake pia. Matumba yanayoumbwa leo katika usiku wa baridi yatachanua baada ya siku kumi yakiwa na uzima. Basi usiwe mwepesi wa kung'oa miharagwe na kulisha mbuzi. Kama udongo ungali na maji, na kama usiku umeanza kupoa, ngoja. Mmea ambao haukubeba maganda huendelea kutoa maua, kwa kuwa nguvu yake haijatumika. Utavuna kwa kuchelewa, tena kwa vipindi, maganda mengine yamekauka na mengine mabichi, lakini heri nusu pishi kuliko mikono mitupu.

KWA NINI USIKU?

Labda utauliza: jua ni la mchana, kwa nini basi usiku ndio ulaumiwe? Sikiliza. Mchana jani hutengeneza chakula kwa nguvu za jua. Usiku halitengenezi kitu, lakini mmea wote waendelea kupumua, na kupumua ni kula akiba. Usiku wa baridi mmea hupumua polepole, akiba inabaki kwa kulea maua na maganda. Usiku wa joto hupumua upesi upesi, akiba inakwisha. Zaidi ya hayo, chavua ile changa haipati nafuu yo yote: mchana imeunguzwa, usiku haikupozwa. Mtu aliyefanya kazi juani siku nzima, akilala vizuri, kesho huamka mzima. Asipolala siku kumi mfululizo, ataanguka.

Ndiyo maana utaona mahali pengine mchana una jua kali sana, lakini usiku hewa hupoa, na maharagwe yanazaa. Na mahali pengine mchana si mkali mno, bali usiku ni wa fukuto, na maharagwe hayazai. Kwa hiyo usipime nchi kwa jasho la mchana tu. Pima kwa shuka: kama usiku huhitaji shuka, mharagwe wako una shida.

Mzee mmoja aweza kusema, "Babu yangu alipanda maharagwe hapa hapa, akajaza maghala. Joto hili limetoka wapi?" Ni swali zuri. Dunia nzima imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja tangu miaka ya 1800, na mahali pengi usiku umeongezeka zaidi kuliko mchana. Digrii moja yaonekana kidogo. Lakini kama shamba lako lilikuwa tayari limesimama mlangoni pa hatari, hatua moja yatosha kuliingiza ndani.

JANI, MZIZI NA MTUNGI

Joto halikai katika ua tu. Tazama shamba lako saa saba mchana. Utaona majani ya mharagwe yamejigeuza, yamesimama wima kwa ubavu, yakilipa jua makali ya wembe badala ya uso. Huo si ugonjwa. Mmea unajikinga. Jioni majani yatarudi kama kawaida.

Njia nyingine ya kujikinga ni kutoa jasho. Wajua jinsi mtungi wa udongo unavyopoza maji: maji hupenya kidogo kidogo, yakakauka nje, na ya ndani yakapoa. Jani hufanya vivyo hivyo kwa vitundu vidogo visivyoonekana. Lakini mtungi mkavu haupozi kitu. Mharagwe uliokosa maji hufunga vitundu vyake ili usife kwa kiu, na hapo jani hupata joto kuliko hewa yenyewe. Kwa hiyo joto na ukame ni ndugu wawili: mmoja akishika mikono, mwingine hupiga.

Chini ya ardhi pia pana hasara. Ng'oa mharagwe mmoja wenye afya, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ukikipasua kimoja, ndani chawa chekundu au cha waridi kama kinafanya kazi. Humo mnakaa vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ndiyo mbolea ya bure. Udongo uliobaki uchi juani huweza kupata joto la zaidi ya digrii 40 juu yake wakati wa mchana, na vijidudu hivyo hudhoofika katika joto kubwa namna hiyo. Kisha mmea hukosa mbolea yake.

USIMLAUMU ASIYEKOSA

Je, kila ua linaloanguka ni kazi ya joto? Hapana. Yafaa tujifunze kutofautisha, ili fedha isipotee.

Kama mimea imedumaa, majani yananyauka hata asubuhi, na udongo ni mkavu mpaka kiganja cha chini, hilo ni kosa la maji.

Kama majani ni makubwa mno, laini, kijani cheusi, na maua ni machache tangu mwanzo, huenda umeweka samadi au mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Mharagwe ulioshiba mno husahau kuzaa.

Kama maua yametafunwa au yana matundu, tafuta wadudu. Wapo mende wenye mistari ya rangi wanaokula maua mchana kweupe. Wapo pia wadudu wembamba kama uzi uliokatwa, wanaojificha ndani ya ua. Kung'uta maua machache juu ya karatasi nyeupe, utawaona wakitembea. Hao pia huangusha maua, na juu yao ongea na bwana shamba.

Lakini kama majani ni mazima, maua ni mengi tena hayakutafunwa, karatasi haina wadudu, udongo una maji, na siku kumi nyuma usiku ulikuwa wa fukuto, basi ni joto. Hapo dawa ya dukani haina kazi. Hakuna chupa inayopoza usiku. Utatupa fedha yako, utaua nyuki na wadudu wengine wema, na maua yataanguka vile vile.

TUFANYEJE BASI?

Hatuwezi kuliamuru jua. Lakini twaweza kujipanga.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni tarehe ya kupanda. Usiulize tu, "Mvua itaanza lini?" Uliza, "Miharagwe yangu itachanua lini, na wakati huo usiku utakuwaje?" Maharagwe mafupi huchanua yapata siku 35 hadi 45 baada ya kupanda. Kwa nchi ya chini kama ya Morogoro, maharagwe yaliyopandwa mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili huchanua mwezi wa Mei, usiku umeanza kupoa kuelekea Juni na Julai. Yaliyopandwa Januari huchanua katikati ya joto. Angalia pia usichelewe mno, mvua ikakukimbia. Wenye mabonde yanayoshika unyevu baada ya masika wana bahati: waweza kupanda mwezi wa Mei au Juni na kutumia baridi yote.

La pili, usipande shamba lote siku moja. Gawa mafungu matatu, upande kwa kupishana siku kumi kumi. Joto likipiga fungu moja matumba yakiwa machanga, mengine huenda yakapona.

La tatu, funika udongo. Tandaza nyasi kavu au mabua kati ya mistari. Udongo hupoa, maji hukaa, na vile vinundu vya mizizi hufanya kazi. Hili halina gharama ila mgongo wako.

La nne, kivuli kidogo. Wenzetu wa Kagera na Kilimanjaro hupanda maharagwe migombani, na wengine wengi huyapanda kati ya mahindi. Kivuli chepesi hupunguza ukali wa mchana. Lakini kivuli kizito hunyima mmea jua la kutengeneza chakula, na usiku hakisaidii kitu. Kiwe kama cha mwavuli wenye matundu, kisiwe kama cha nyumba.

La tano, kama una bustani ya kumwagilia, usiache miharagwe ipate kiu wakati wa matumba na maua. Mwagilia asubuhi, ili mtungi uwe na maji ya kutoa jasho mchana.

La sita, usiweke yai lote kapu moja. Kunde ni mzaliwa wa Afrika, hustahimili joto kuliko haragwe. Choroko na mbaazi vile vile. Nyumba iliyoko bondeni na iliyopanda kunde kando ya maharagwe haitalala njaa hata kama maharagwe yamekataa.

HABARI YA MBEGU

Mbegu hazilingani. Kwa kawaida maharagwe ya punje ndogo, ya ukoo wa upande wa Mexico, hustahimili joto kuliko yale ya punje kubwa ya ukoo wa Andes, ambayo ndiyo sokoni kwetu hupendwa. Nchini Kenya, kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilitoa mbegu za nchi kavu zinazowahi kukomaa, kama KAT B1 na KAT B9. Huku kwetu vituo vya Uyole na Selian, na Chuo Kikuu cha Sokoine, vimetoa mbegu nyingi, kila moja na nchi yake. Mwulize bwana shamba ipi imejaribiwa katika nchi iliyo juu sawa na yako.

Nje ya nchi wataalamu hawakulala. Huko Palmira nchini Colombia kipo kituo cha kimataifa kiitwacho CIAT, chenye ghala la mbegu za maharagwe za aina zaidi ya 30,000. Mwaka 2015 walitangaza kwamba, baada ya kujaribu mbegu zaidi ya 1,000, wamepata 30 zinazostahimili joto. Baadhi yake zilitokana na kuoanisha haragwe la kawaida na ndugu yake aitwaye tepari, ambaye wenyeji wa majangwa ya Mexico na kusini-magharibi ya Marekani wamemlima tangu kale. Huyo ni maskini mwenye punje ndogo, hakuna aliyemthamini sana. Leo ndiye anayetafutwa kumwokoa tajiri.

Lakini wewe pia waweza kuwa mtaalamu katika shamba lako. Nilisema mharagwe hujioza wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo mtoto hufanana sana na mzazi. Basi mwaka wa joto, wenzako wanapolalamika, pita shambani polepole. Mara nyingi, hasa kama mbegu yako ni mchanganyiko, utakuta shina moja hapa na moja kule ambalo limebeba maganda, hali majirani zake ni matupu. Lifunge uzi. Usilipike! Vuna peke yake, weka mbegu zake katika chupa, upande mwaka ujao kwa mstari wake. Fanya hivyo miaka mitatu minne, utakuwa na mbegu iliyochujwa na jua la kijiji chako.

Na mpe mtoto wako wa shule daftari. Aandike tarehe ya kupanda, tarehe ya ua la kwanza, usiku gani ulikuwa wa fukuto, na maganda mangapi yako katika mashina kumi aliyoyachagua. Mwisho wa msimu someni pamoja. Daftari hilo litakufundisha mambo ya shamba lako ambayo gazeti haliwezi kukufundisha.

NENO LA MWISHO

Msomaji mpenzi, rudi sasa katika kile kisa cha mwanzo. Shamba lilichanua halikuzaa. Mama alipalilia kwa wakati wake. Aliyeuza mbegu hakudanganya. Huenda ilikuwa mbegu njema ya nchi ya baridi. Na yule jirani aliyesimama pembeni akasifu, alisifu tu, kama wewe ungesifu shamba lake. Shamba lake nalo lilikuwa tupu mwaka ule, ila hukwenda kulitazama.

Kama kuna mtu uliyemnunia kwa sababu ya maharagwe, nenda jioni hii ukamwamkie. Chukua gazeti hili mkononi. Keti naye, mhesabu pamoja siku kumi nyuma, mkumbuke usiku ule wa fukuto. Kisha mpatane tarehe ya kupanda msimu ujao. Maharagwe yatapandwa tena. Jirani aliyeondoka kwa kusingiziwa si rahisi kumrudisha.